Nywele juu ya jicho la mbwa



Tangu mwezi jana kuna swali linalozunguka katika mikutano yetu: ni kweli kwamba mmoja wetu alikopa pesa za muso kwa ajili ya kumpasua mbwa jicho? Ni kweli, na ni mimi. Komite imeniomba niandike namna mambo yalivyokwenda, ili kila mtu ajue yote badala ya kusikia nusu nusu njiani kwenda sokoni. Naandika kwa furaha, maana ndani ya habari hii kuna jambo linalogusa watoto wetu kuliko linavyogusa mbwa.

Mbwa wetu jike, Jeki, alizaa watoto watano mwanzoni mwa msimu wa mvua. Watoto wa mbwa huzaliwa wamefumba macho, na huyafumbua wakifikisha juma mbili hivi. Wanne waliyafumbua vizuri. Wa tano, dume mwenye rangi ya kahawia, alipofumbua jicho la kuume tuliona kipande kidogo kama punje ya mtama, kimekaa upande wa nje: nusu juu ya weupe wa jicho, nusu juu ya kile kioo cha mbele ambacho mwanga hupitia. Tulidhani ni uchafu. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alimpangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, lakini kipande hakikutoka. Kilikuwa kimeota pale pale.

Alipofikisha juma la tano, nywele zikaanza kutoka juu ya kipande hicho. Nywele kweli, kama zile za mgongoni mwake, zimelala juu ya jicho. Kila alipopepesa zilimkwaruza. Machozi yakawa yanatiririka mchana na usiku, jicho likawa jekundu, usaha ukaanza kukusanyika pembeni. Alikuwa anatembea na jicho moja limefungwa, huku akijigonga kwenye masufuria.

Mnajua watu wanavyosema. Jirani mmoja alisema nywele haziwezi kuota jichoni bila mkono wa mtu. Mwingine akashauri tumtie katika mfuko na kumtupa Ruzizi, kabla balaa haijaingia kwa watoto. Wa tatu alileta maji ya majani aliyoyatwanga, akitaka kuyadondosha jichoni. Nilimshukuru, nikayaweka kando. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, alisema maneno machache tu: "Mwanangu, mbwa asiyeona ni mdomo wa kulisha bure." Neno lake ndilo lililonifikirisha, kwa kuwa halikuwa la ulozi. Lilikuwa hesabu, na hesabu inajibiwa kwa hesabu.

Hesabu yangu ni hii. Tunaishi Panzi, katika parseli yenye ukuta upande mmoja tu. Mume wangu anatafuta maisha Kamituga, na hurudi mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Ndani ya nyumba kuna mifuko ya unga ninaouza, nayo ndiyo inayolipa minervale ya watoto wanne. Usiku, anayetuamsha ni Jeki. Mara mbili tayari watu waliokuja gizani walirudi walikotoka kwa sababu alibweka mpaka avenyu nzima ikaanza kupiga masufuria. Lakini Jeki amezeeka na masikio yake yamepungua. Wale watoto wanne wazima walikuwa wamekwisha kuahidiwa kwa watu. Huyu wa tano ndiye tuliyemweka ashike nafasi ya mama yake, na mwanangu alikuwa amekwisha kumpa jina la Bobi.

Basi nilimpeleka kwa munganga wa wanyama anayefanya kazi Ibanda. Ni mtu aliyesomea Lubumbashi, ambako chuo kikuu kina kitivo cha uganga wa wanyama. Alimwangalia Bobi kwa tochi, akamtia tone la rangi ya manjano kuona kama jicho lina kidonda, kisha akachukua karatasi na kutuchorea.

"Mama," akasema, "huu si ulozi. Ni ngozi iliyopotea njia."

Akaeleza kwamba mtoto anapoumbwa tumboni, kila sehemu ya mwili inapewa kazi yake: hapa patakuwa ngozi, hapa patakuwa jicho. Mara chache kipande kidogo kinachopaswa kuwa jicho kinageuka ngozi kamili, pamoja na nywele zake na mafuta yake. Wanganga wanakiita demoidi. Kinapatikana kwa mbwa, kwa paka, kwa ng'ombe na kwa binadamu pia. Mtoto huzaliwa nacho. Hakiambukizi, na hakiletwi na mtu yeyote.

Kile kioo cha mbele cha jicho kinaitwa konea. Kwa mbwa unene wake ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kinapitisha mwanga. Kinalishwa na machozi kwa nje na maji ya jicho kwa ndani. Lakini kina mishipa ya fahamu kwa wingi. Ndiyo sababu punje moja ya mchanga inatosha kumliza mtu mzima. Fikirini sasa mnyama anayekwaruzwa na nywele zake mwenyewe kila mara anapopepesa.

Nilimwuliza kama hakuna dawa ya kupaka. Akasema hakuna dawa inayoyeyusha ngozi bila kuharibu jicho. Kung'oa nywele hakusaidii, zinarudi. Njia ni moja, kukitoa kipande chote kwa kisu. Akaniomba tungoje mpaka Bobi apite miezi mitatu, kwa sababu mwili mchanga sana hauvumilii vizuri dawa ya usingizi. Wakati wa kungoja alitupa mafuta ya macho ya kulainisha, tupake mara tatu kwa siku. Bei ya upasuaji pamoja na dawa zote ilikuwa dolari 60.

Hapo ndipo muso inapoingia.

Kwa wale wapya niwakumbushe: tuna kisanduku cha kijani cha mikopo, na kisanduku chekundu cha misaada, cha magonjwa na misiba. Mimi niliomba mkopo wa kawaida katika kisanduku cha kijani, wenye faida, wa kurudisha kwa miezi mitatu. Sikugusa chekundu. Hata hivyo maneno yalikuwa mengi, na yalichukua mikutano mitatu. Mama mmoja, ambaye juma lile mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervale, alisimama na kusema: "Leo tunapasua mbwa, na watoto wa watu wanakaa nyumbani." Sikuwa na jibu la kumtuliza, na sikulitafuta. Alikuwa na haki ya kusema. Pesa zetu ni kidogo, na kila dolari inayokwenda huku haiendi kule. Nilichosema ni kwamba mlinzi wa nyumba ni chombo cha kazi, kama mzani wangu wa unga. Mzani ukiharibika nautengeneza, hakuna anayeniuliza. Sheria zetu hazisemi mkopo ni wa nini. Zinasema tu urudishwe. Mwisho tulipiga kura, nikapata mkopo, na faida yake imekwisha kuingia kisandukuni. Mtunza hesabu anaweza kuwaonyesha ukurasa.

Siku ya upasuaji Bobi hakula tangu usiku uliotangulia, kwa sababu mnyama aliyeshiba anaweza kutapika akiwa amelala na kuvuta matapishi mapafuni. Munganga alimdunga dawa ya usingizi, akakata nywele kuzunguka jicho, akaliosha kwa dawa ya ayodini iliyochanganywa na maji mengi mpaka rangi yake ikawa kama chai nyepesi. Akadondosha dawa ya ganzi jichoni juu ya usingizi. Akavaa miwani ya kukuza. Alipotaka kuanza, umeme ukakatika. Msaidizi wake akashika tochi, mimi nikaongeza mwanga wa simu. Ndivyo nilivyoona yote.

Kwanza alichora mpaka kwa kisu chembamba, akizunguka kipande chote bila kuacha hata mzizi wa unywele mmoja, maana ukibaki, nywele zinaota tena. Mpaka huo haukwenda ndani. Ulikuwa wa kina kidogo tu. Halafu akainua ukingo kwa koleo ndogo, akaanza kumenya, polepole, kama unavyotoa ngozi nyembamba ya kitunguu bila kupasua ile ya chini. Alisema sehemu ya juu ya konea inaweza kutolewa hivyo na kioo kikabaki na nguvu. Kama mzizi ungezidi nusu ya unene, ingebidi avute utando wa weupe wa jicho na kuushona juu kama kiraka. Kwa Bobi haikuhitajika. Yote yalichukua kama dakika arobaini. Kipande kilipowekwa juu ya pamba, kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na nywele zake zimesimama.

Kazi kubwa ilibaki kwetu. Matone ya antibiotiki mara tano kwa siku. Matone ya atropini kwa ajili ya maumivu, ambayo yanapanua mboni, kwa hiyo mbwa akae kivulini. Na kola shingoni asijikune: mwanangu aliikata katika ndoo ya plastiki iliyotoboka, akafunga kingo kwa kitambaa zisimchome. Mtoto huyo, ambaye namwamsha mara tatu aende shule, alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri peke yake kwa ajili ya tone la kwanza. Baada ya juma moja munganga akadondosha tena ile rangi ya manjano: kidonda kilikuwa kimefunikwa. Leo limebaki wingu dogo la kijivu pale penye kovu. Nywele hazikurudi. Anaona.

Munganga alituambia jambo lingine: Bobi asizalishwe, kwa kuwa kasoro hiyo inaweza kupita katika damu ya ukoo. Tumekubali.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nikubali kuandika.

Siku moja jioni, Bobi akiwa bado na kola yake ya ndoo, mama mmoja wa kartye yetu alikuja. Ni mwanachama mwenzetu. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina. Alikaa kitambo bila kusema, akimtazama mbwa. Kisha akauliza: "Nywele zile, zilitoka kabisa?" Nikasema ndiyo. Akauliza: "Na ulozi?" Nikamweleza lile la ngozi iliyopotea njia. Akaanza kulia.

Ana binti wa miaka mitano. Wengi wetu hatukumjua kwa uso, kwa sababu alikuwa anabaki ndani. Alizaliwa na kipande cheupe pembeni mwa kioo cha jicho, na baadaye nywele mbili tatu zikaota juu yake. Upande wa baba walisema maneno ambayo sitayarudia. Mama akamficha. Akienda naye kanisani alimvalisha kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Shule hakumwandikisha. Mji wetu unajulikana ulimwenguni kwa chumba cha upasuaji, tangu Daktari Denis Mukwege alipoanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Na mtoto huyu alikuwa anakua katika Panzi hiyo hiyo bila munganga hata mmoja kumwona jicho.

Tulikwenda naye pamoja kwa munganga wa macho. Alipotamka jina la kile kipande, demoidi, mwenzangu alinishika mkono. Lakini habari haikuwa nyepesi kama ya mbwa. Munganga alieleza kwamba kipande kama hicho kinavuta konea na kuipinda, hata picha inafika ndani ikiwa imepotoka. Mtoto mdogo bado anajifunza kuona. Jicho moja likileta picha mbaya, ubongo unaliacha na kutumia lile lingine. Jicho lililoachwa miaka mingi, hata ukilisafisha kwa kisu, linabaki zuri kwa kutazamwa lakini halioni vema. Miaka ya kufaa kulifundisha ni ile ya kwanza, mpaka saba au nane hivi, na kadiri unavyowahi ndivyo linavyopona. Alisema tumefika tukiwa tumechelewa, lakini mlango haujafungwa.

Basi binti amepewa miwani, na kila siku anafunikwa jicho lililo zima kwa saa kadhaa, ili lile lililolala lifanye kazi. Mwanzoni alikuwa analia na kukiondoa kitambaa. Sasa anahesabu vifungo vya blauzi ya mama yake kwa jicho lile. Upasuaji utafuata wakati munganga atakapoona inafaa. Juma lililopita alianza shule ya watoto wadogo.

Gharama za miwani na za kumwona munganga zililipwa na kisanduku chekundu. Ombi lilisomwa, mikono yote ikainuka, ikaisha. Mama yule aliyenipinga kwa ajili ya minervale ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Jicho la mbwa lilituchukua mikutano mitatu. Jicho la mtoto lilichukua dakika mbili, lakini kwa miaka mitano hakuna aliyeleta ombi, kwa sababu mama yake aliogopa tutakachosema. Pesa zilikuwapo. Tuliyoyasema sisi kuhusu nywele za Bobi, kando ya bomba la maji, yeye alikuwa anayasikia, na kila neno lilimwambia afunge mlango zaidi.

Kwa hiyo naomba komite iweke jambo hili katika ajenda: kwamba kila mama aangalie macho ya watoto wake nyumbani, mchana penye mwanga. Chochote kinachoota juu ya kioo cha jicho, jicho linalotazama pembeni, mtoto anayekaribia sana kitabu, aonwe na munganga. Na mkipiga picha kwa mwanga wa simu, mkaona mboni moja inang'aa nyeupe wakati nyingine ni nyekundu au nyeusi, msingoje hata juma moja. Inaweza kuwa uvimbe ndani ya jicho, ambao unaua mtoto usipotibiwa mapema.

Kwa wenye mbwa, haya niliyojifunza. Si kila kinachoota jichoni kinapasuliwa. Ukiona nyama nyekundu kwenye kona ya ndani, kama tunda la kahawa lililoiva, hiyo ni tezi ya machozi iliyotoka mahali pake. Irudishwe na kushonwa, isikatwe, maana bila tezi hiyo jicho linaweza kukauka. Wenye mbwa wa Kijerumani, wale tunaowaita berje, waangalie utando mwekundu unaotambaa juu ya kioo kutoka pembeni. Jua la milimani linauzidisha, na Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huo unatibiwa kwa matone, tena kwa maisha yote ya mbwa. Kwa mbwa na kwa mtu, msinunue farmasi matone yenye kotizoni bila kuonwa: kama kuna kidonda kwenye konea, kotizoni inazuia kupona na jicho linaweza kutoboka.

Mnyama mwenye maumivu usoni huuma, hata kama anawapenda. Mfungeni mdomo kwa kitambaa laini kabla ya kumgusa, na mpateni chanjo ya kichaa cha mbwa. Akiuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha muende hospitali siku hiyo hiyo.

Mkopo wangu umekwisha. Unga bado nauza. Anayetaka kumwona Bobi apite mchana, kwa maana usiku ameanza kazi, na hapendi wageni.